Jino Namba Thelathini na Sita

Bwana Alois Pichler alivuka mpaka kwa treni ya saa moja asubuhi,
kama wavukavyo wengi wa kwao, maana kwetu Sopron
jino hutibiwa kwa nusu ya bei, na kahawa juu yake.
Alikaa chini ya taa, kofia magotini,
karatasi ya gharama mkononi, imekunjwa mara nne,
imekunjuliwa mara nyingi zaidi.

"Dada," akasema, "mimi nina meno kumi na tisa.
Nimeyahesabu kwa ulimi, usiku, mara mbili.
Hili la thelathini na sita ni la nani?"

Sikucheka. Nilicheka baadaye, jikoni,
na hata hapo kidogo tu,
kwa sababu miaka saba nimeziandika namba hizi
na hakuna aliyewahi kuniuliza.
Hutikisa kichwa, hutia sahihi, huenda kuogopa nyumbani.

Nikageuza karatasi, nikamchorea mdomo.
Tatu ni mtaa: chini, kushoto kwako.
Sita ni nyumba. Hesabu kutoka katikati:
mawili ya mbele, chonge, magego madogo mawili,
kisha hapa.
"Hapa hapana mtu," akasema.
Hapana. Ndiyo maana tumeandika pengo.

"Na ukoga? Mimi napiga mswaki."
Unapiga. Ukoga wa jana ni uji, mswaki unautosha.
Wa miaka umekuwa jiwe,
hauogopi mswaki, unaogopa chuma changu.

Daktari Ildikó akaingia, akapitisha kijiti chenye alama
kando ya fizi, akinisomea:
mbili, tatu, tatu, mbili, tano, sita.
Mdomo wa mzee ulikuwa wazi; macho ndiyo yaliyouliza.
Ni mifuko, nikamwambia, pale ufizi unapoachana na jino.
Ya milimita mbili, tatu, ni heri.
Wa sita, kinachoingia hakitoki.
Akajipapasa koti. "Wangu," akasema, "kinachoingia hakikai."

Lakini *kutibu mzizi* kulimtoa jasho.
Jirani alikuwa amemsimulia, na majirani hawasimulii yaliyokwenda vizuri.
Ndani ya jino, nikasema, mna mshipa,
kama utambi ndani ya mshumaa. Wako umeoza.
Tunautoa, tunasafisha njia yake, tunaziba.
Jino linabaki limesimama, halisikii tena barafu.

"Yaani limekufa."

Daktari akanitazama.
Limekufa, nikasema. Lakini linatafuna.

Akanyamaza, akiipima karatasi kwa vidole.
Barua zote za nyumba yao, za benki, za hospitali,
alikuwa akizisoma Roswitha, kwa sauti, wakila.
Tangu Januari anajisomea.

Tukafika kwenye *daraja*, naye akakaa wima.
"Hilo usinifundishe. Miaka thelathini na moja
nimegonga nyundo kwenye madaraja ya reli, nikisikiliza.
Nguzo ni zipi?"
La tano na la saba.
"Mtazichonga?"
Tutazichonga, tuzivike taji.
"Na la saba ndilo mnalolitoa mshipa?"
Ndilo.

Akaomba kalamu yangu.
Chini ya mdomo nilioucHora akapiga mishale,
uzito huku, uzito kule,
mshale mmoja mnene chini ya la saba.
"Nguzo iliyokufa hubeba," akasema,
"ila hailalamiki. Hapo ndipo penye hatari.
Igongeni kila mwaka. Msisubiri iwaambie."

Daktari Ildikó alikuwa amevaa glavu moja tu.
Ya pili ilibaki mkononi.

Jino la pembe si dawa ya pengo, tunajua;
hatukumwahidi dawa. Tulimwahidi mahali pa kutafunia mkate.

Akatia sahihi. Neno moja lilibaki, mstari wa chini kabisa,
nami nikaanza: ganzi, Bwana Pichler, ni pale ambapo...

"Hilo acha," akasema, akaegemea kiti, akafumba macho.
"Hilo nalijua."